Harufu ya Pembe

Mwenye buchari hapa Shirere akibabua kwato, nafunga dirisha. Harufu ni ileile ya nyumbani kwetu nikiwa mtoto. Baba alifua visu. Mama ndiye aliyetia mipini, akitoboa pembe ya ng'ombe kwa chuma chekundu, moshi ukimwingia machoni.

Siku ya maonyesho, mgeni wa heshima alichukua kisu kimoja, akakizungusha mkononi. "Huu mpini umekaa vizuri kweli! Nani alitengeneza?"

"Ni mimi tu, mheshimiwa," baba akajibu bila kupepesa macho.

Baba akapewa blanketi la zawadi. Mama akapiga makofi kwa vidole vyake vilivyoungua. Mimi nikapiga kumshinda.

Jioni mama akasonga ugali. Nilisukuma sahani, nikamwambia, "Mikono yako inanuka pembe."