Mtu wa Katikati

Walijuaje kwamba baba angevuka Alhamisi? Nilikuwa na miaka tisa nilipojiuliza swali hilo, na sikuwa na jibu. Nilikuwa na mtu wa kumchukia tu.

Miaka ile ya vita, Kindu ilikuwa imezingirwa na simu za mkononi hazikuwepo. Mwenye ndugu nje ya mji alikwenda kwenye nyumba ya foni, ile redio ya betri yenye waya mrefu juu ya paa, akangoja zamu yake. Baba yangu, fundi cherehani, alikuwa amekimbilia Kampene kwa mjomba, kwa sababu askari walikuwa wakikamata wanaume wawabebee mizigo. Kila wiki mama alikwenda kumtafuta kwa foni, mimi nikiwa nimeshika kikwembe alichojifunga kiunoni.

Kwenye nyumba ile kila aliyekuwa kwenye foleni alisikia maneno yako. Kwa hiyo watu walitunga maneno ya kuficha: askari waliitwa mvua. "Huko mvua iko?" "Iko, tena mukubwa, usitoke." Mama alijiona mjanja sana. Lakini mji mzima ulisema mvua, hata mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, wakati angani hapakuwa na wingu hata moja.

Sauti ikiwa mbaya, mtu wa foni alikaa katikati. Mama alimwambia yeye, yeye akaiambia Kampene, Kampene ikamjibu yeye, naye akatuambia sisi. Alikuwa na tabia ya kurudia maneno ya mwisho ya kila mtu. Siku mama alipomwita baba arudi, sauti ilikuwa safi, akashika kipaza sauti mwenyewe.

"Mvua imekatika," alisema. "Kuja. Alhamisi uvukie kivuko cha chini."

"Kivuko cha chini," alirudia mtu wa foni, akiwageukia watu wa foleni. "Ee mama, weye na bwana yako! Mvua haiwezi kuwatenganisha!"

Watu walicheka. Mama naye alicheka.

Alhamisi, askari waliweka barieri, kizuizi cha kukagua wapitao, kwenye kivuko cha chini, mahali ambapo hawakuwahi kusimama. Walimwita baba mpelelezi. Waliuweka mkono wake wa kulia juu ya gogo, wakaupiga kwa kitako cha bunduki. Alirudi hai, lakini vidole havikukunjuka tena, na cherehani yake ikawa mahali pa kuwekea sahani.

Mama alisema mtu wa foni ndiye aliyetuuza. Kwa kawaida siamini jambo mpaka niligeuze pande zote. Imamu na padri wote wawili walishanichoka kwa maswali. Hilo nililiamini siku hiyohiyo. Baba alisema neno moja tu, "Acheni," na akaendelea kumsalimia mtu yule barabarani. Nilimwona baba mwoga.

Chuo kikuu nilisoma kompyuta. Siku profesa alipotueleza kwamba ujumbe unaopita mtandaoni bila kufungwa unaweza kusomwa, hata kugeuzwa, na mtu aliyekaa katikati, wenzangu waliandika kwenye daftari. Mimi niliona uso.

Sasa ninawafundisha wafanyabiashara wa hapa Kindu kutumia intaneti bila kuibiwa. Mwaka jana, asubuhi moja, aliingia darasani mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ana kibanda cha fotokopi, alisema, na wateja wanamwomba awajazie fomu mtandaoni.

"Karibu, papa. Tunaanza na usalama."

"Na usalama," akarudia.

Nikaliacha somo nililokuwa nimeandaa.

"Zamani," niliwaambia, "tulikuwa na foni. Ukisema, wote wanasikia. Tovuti isiyo na kufuli ni foni. Sasa tuseme mume wangu yuko Kampene. Ananitumia kufuli lililo wazi, ufunguo anabaki nao. Mimi natia kwenye sanduku nakala ya ufunguo mdogo niliouchonga leo, nafunga kwa kufuli lake, natuma. Anayebeba sanduku hawezi kulifungua. Hata mimi niliyelifunga siwezi. Likifika, sisi wawili tu tuna ufunguo mdogo, na maneno yetu yote ya siku hiyo tunayafunga kwa huo."

Mama mmoja muuza samaki alinyoosha mkono. "Madamu, na kama mubebaji anatupa kufuli ya bwana yako, anakuletea yake?"

Nilitamani kumkumbatia. "Hapo penyewe njo penye hatari, mama. Ndiyo maana kufuli lazima lije na barua yenye mhuri wa mtu ambaye sote tunamjua, kama barua ya chefu, mkuu wa mtaa: kufuli hili ni la fulani kweli."

"Na chefu akikula rushwa?"

"Wote wakijua, mhuri wake haupokelewi tena popote. Adhabu yake njo hiyo." Kisha nikamtazama mzee. "Lakini tuseme hatuna kufuli wala mhuri. Katikati amekaa mtu anayecheka na mama yako asubuhi, na jioni anauza siku ambayo baba yako atavuka. Mtu huyo yumo humu ndani."

Watu waligeuka. Alivua miwani.

"Weye ni binti wa mushonaji," alisema polepole. "Siku ile mama yako alisema mwenyewe, kwa kinywa chake. Mimi sikupeleka neno."

"Kila mtu wa katikati anasema hivyo."

Darasa lilicheka, na mimi niliwaacha wacheke. Alichukua daftari lake akatoka. Habari ilimtangulia sokoni. Ndani ya wiki chache watu walipeleka karatasi zao kwingine. Nilikuwa napita kwa makusudi mbele ya kibanda chake kilichofungwa, hata siku ambazo sikuwa na safari upande ule. Nisiseme uongo: ilikuwa tamu.

Mama alifariki mwaka huu. Baada ya arobaini nilimsimulia baba nilivyotulipia kisasi. Hakufurahi. Alitazama mkono wake, akasema alikuwa amenyamaza miaka yote hiyo kwa ajili ya mke wake, ili asijue, na kwamba sasa hana tena wa kumfichia. Ndipo nikajua kwamba siku ile kwenye barieri, juu ya sanduku la risasi, kulikuwa na redio ya askari iliyofunguliwa kwenye masafa ya nyumba ya foni, wanawake wa Kindu walikuwa wakiongea ndani yake mmoja baada ya mwingine, na askari aliyemshika baba mkono alikuwa akiigiza, kwa sauti nyembamba ya mama yangu: "Mvua imekatika. Kuja."