Alasiri Tulipokataa Kuchambua

Ndugu yangu mdogo alikamatwa kwa sababu ya shairi. Alilitunga juu ya kisima cha kijijini kwetu, kilichozinduliwa kwa hotuba na utepe kisha kikakaa bila tone la maji. Akajirekodi akilighani, akalituma kwenye kundi la wanakijiji, na kabla ya Ijumaa lilikuwa limefika mpaka Makangale, ncha ya kisiwa. Askari walikuja kumchukua asubuhi, yuko juu ya mkarafuu. Wakamwamuru ashuke. Wakasema ni mchochezi.

Mama alilia, kisha akakasirika, na hasira akazimalizia kwangu. "Mdomo uliponza kichwa! Nilimwambia aache, na weye ndiye uliyekuwa ukimchekea." Kweli nilikuwa nikimchekea. Shairi lilikuwa zuri.

Kituoni askari alitaka mdhamini, na hakumtaka mwingine ila sheha wetu, mkuu wa shehia. Bila yeye, kesho yake ndugu yangu angevushwa bahari kwenda rumande Unguja, na huko kesi zinajua kulala.

Sheha ni mjomba wetu, kaka yake mama, tumbo moja. Nilimkuta uani kwake akiwasimamia wachumaji waliokuwa wakimwaga karafuu kwenye jamvi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kama umekuja kwa yule, mie simjui."

Hamjui! Mtoto aliyempa jina yeye mwenyewe siku ya akika. Ningeweza kumtukana, na kutukana kwangu si kazi ngumu. Badala yake nikaliangalia lile rundo la karafuu, nikaondoka.

Kwetu karafuu za mtu huchambuliwa na majirani. Wanawake tunakuja baada ya sala ya alasiri, tunalizunguka rundo, tunatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, huku tukipiga soga. Na rundo halina subira. Karafuu zikilala na makonyo hupata joto, zikavunda, na zikianikwa hupauka, hakuna anayezitaka. Kwa hiyo nilipita nyumba hadi nyumba. Sikuwaambia wasije. Niliwaambia waje.

Walikuja wengi kuliko siku zote. Wakamwamkia sheha kwa adabu, wakakaa, wakaweka mikono mapajani. Hakuna aliyegusa hata kikonyo kimoja. Mama naye akaja, akakaa mbali nami, hataki hata kuniangalia. Niliogopa sana. Nilijua mmoja tu akinyoosha mkono wengine watafuata, na ndugu yangu atavushwa.

"Kwani vyereje leo?" akauliza sheha. "Hamchambui?"

"Twamngoja mwanetu," akajibu bibi mkunga, aliyewazalisha nusu ya waliokuwepo pale. "Akija tutachambua."

"Mwanitisha?"

"Tumekaa tu, Sheha. Kukaa nako kwakatazwa?"

Mkewe sheha akaanza kuchambua peke yake, akatuangalia, akaacha. Jua likawa linashuka. Hatimaye sheha akachutama, akatia mkono ndani ya rundo mpaka kwenye kiwiko kupima joto lake. Alipoutoa hakutuangalia usoni. Akavaa kofia, akaenda kumwita mwenye bodaboda.

Walirudi magharibi imeshasaliwa. Tulipoona taa ya pikipiki tulilivamia rundo kwa mikono yote miwili. Ndugu yangu alishuka polepole. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba, na simu yake ilikuwa imebaki kituoni. Nikamshika mkono, nikamkalisha jamvini. Nilitaka kulia, nikaona nisiwape watu raha hiyo.

Sheha alibaki amesimama. "Nimemdhamini," akasema. "Ila wametoa sharti. Haandiki, haghani, hasemi kitu mpaka kesi iishe. Akifungua mdomo nafungwa mie." Akamgeukia dada yake. "Umesikia?"

Nilidhani mama atamshukuru, pengine hata ampigie magoti. Alikuwa anamtazama mwanawe chini ya taa ya uani, analitazama lile jicho.

"Kakatazwa yeye," akasema. "Mie sikukatazwa."

Akaanza kughani ubeti wa kwanza wa shairi la kisima, vidole vikiendelea kuchambua. Sheha akakaa chini. Mama akaingia ubeti wa pili, na wa tatu, hakukosea hata neno. Shairi alilolilaani tangu siku ya kwanza, kumbe alikuwa amelihifadhi lote.