Punguzo la Ada na Zamu ya Maji ya Mkwe Wangu

Habari hii imeshazunguka kijiji kizima, imefika mpaka Sur kwa shangazi zangu, kwa hiyo naona bora niieleze mwenyewe kuliko kuendelea kuisikia kwa watu ambao hawakuwapo na kila mmoja anazidisha tope lake. Aibu ni yangu. Hakunisukuma mtu.

Mimi nilisoma mpaka sekondari, nikaolewa, nikazaa wawili, na mwaka huu nikasema basi, nakwenda chuo. Kuna chuo cha kulipia kule Ibra kinachompunguzia mwanajeshi mstaafu robo ya ada, na kama mwenyewe hataki kusoma anaweza kumpa nafasi hiyo mtu mmoja wa nyumbani kwake. Mmoja tu. Mkwe wangu, baba yake mume wangu, kazaliwa Pemba, kaja huku Oman kijana, kaendesha malori ya jeshi miaka ishirini na mbili, na goti lake la kulia mpaka leo halikunjiki sawasawa. Nafasi akanipa mimi (wifi yangu alikuwapo sebuleni, alininunia wiki nzima), na bila ya robo ile mimi na mume wangu hatuiwezi ada, tumeshapiga hesabu mara tatu na kila mara jibu ni lile lile.

Sasa Alhamisi asubuhi, siku ya mwisho ya kujiandikisha, ndipo chuo wananiletea ujumbe kwenye simu, ati wanaitaka barua yenyewe ya kustaafu, si nakala, na fomu iwe na sahihi ya mstaafu kwa kalamu, si picha ya sahihi, na ofisi inafungwa saa saba mchana. Wiki tatu karatasi zangu ziko kwao. Wiki tatu wamekaa kimya, wanakuja kuzinduka siku ambayo mume wangu yuko kazini mbali kule Duqm na mkwe wangu yuko shambani na zamu ya maji.

Niseme kidogo juu ya maji. Kijiji chetu kiko Wadi Bani Khalid, na mitende yote inakunywa kwa falaji, mfereji mmoja unaopita shamba kwa shamba. Kila mwenye shamba ana zamu yake kwa saa, na ikimalizika anaziba mlango wake kwa jiwe lililofungwa matambara, maji yanateremka kwa mwenzake. Kwetu mtu akikutukana mtapatana kabla ya Ijumaa, lakini dakika za maji hazichezewi.

"Ngoja arudi," mama mkwe akaniambia. "Zamu yake yakwisha saa nne."

"Na sasa saa tatu na nusu, mama. Ibra mwendo wa saa nzima na zaidi."

"Basi si unafika saa tano na nusu? Kaa unywe chai."

Mwenye akili angekaa. Mimi nikachukua barua ya kustaafu kabatini, nikaitia pamoja na fomu na kalamu ndani ya bahasha ya plastiki yenye kifungo, nikampachika mwanangu mdogo kiunoni (ana miezi tisa na hakubali kuachwa na mtu), nikateremka shambani.

Nilipofika mkwe wangu alikuwa anaziba mlango wake. Yaani zamu imekwisha, mzee anakuja nyumbani, ningelikaa na chai yangu angenikuta pale pale.

"Shikamoo baba. Nataka sahihi, chuo wamenitumia ujumbe."

"Marahaba. Sahihi kwa mikono hii?" Akanionyesha, tope mpaka kwenye viwiko. "Weka hapo, ninawe kwanza."

Nikaiweka bahasha ukingoni mwa falaji. Mtoto akayaona maji, akajitupa mbele kama anayetaka kuogelea, nikamkamata kwa mikono miwili, nikageuka, na upindo wa abaya yangu ukaifagia bahasha ndani. Haikuzama. Ilikaa juu ya maji vizuri kabisa, ikaondoka zake.

Mkwe wangu na goti lake hawezi kukimbia. Nikampa mtoto, nikakimbia mimi, viatu nikaviacha huko nyuma, huku naiona bahasha imebeba miaka ishirini na mbili ya mzee wa watu na miaka minne yangu ya chuo. Na mbele yake, hatua kama thelathini, falaji inaingia mahali wanapokogea wanaume, pamezungushiwa ukuta, na sauti zao nazisikia. Nikaona nina njia mbili tu. Niingie humo, au niyageuze maji.

Hapo kabla ya ukuta kuna mlango wa maji wa konde letu la chini, la vitunguu. Nikalinyanyua jiwe, nikalitia katikati ya falaji, maji yote yakageuka yakaingia kondeni, na bahasha nayo ikaingia. Nikaifuata mpaka kwenye vitunguu, nikaifungua. Kavu. Wallahi nililia. Mkwe wangu akafika akichechemea na mtoto mkononi, nikamchukua mtoto, yeye akafuta mikono kwenye kanzu yake, akaiweka fomu juu ya goti lake zima, akatia sahihi polepole kama anavyofanya kila kitu.

Jiwe nililisahau. Alilisahau na yeye.

Tulikumbushwa na Mzee Nasor. Zamu ilikuwa yake, shamba lake liko chini kabisa, alisimama kwenye mlango wake akingoja maji yasiyokuja, mwisho akapanda kuyafuata, na waliokuwa wakioga, walipoona maji yamekatika, wakatoka nao na taulo zao mabegani. Wakatukuta. Mimi nimesimama katikati ya vitunguu vyetu, maji ya mtu yananifika vifundoni, na mkwe wangu ana kalamu mkononi kama tunaandikiana mkataba wa wizi.

Mzee Nasor hakupandisha sauti. Alisema tu, "Khamis. Jeshini ndiko walikokufundisha hivi?"

Watu wawili wakacheka. Mkwe wangu akainama kulirudisha jiwe, goti likamkatalia, ikabidi ashikwe mkono.

Ningenyamaza ningekuwa nimebakiza kitu. Lakini mimi mdomo wangu hauna mlango, nikasema, "Mzee, yeye hana kosa, ni mimi. Na kwani imekuwa nini, dakika kumi tu."

Taulo zote zikatulia. Mzee Nasor akanitazama mimi, akamtazama mkwe wangu. "Dakika kumi tu," akasema. "Umesikia, Khamis? Mkweo anasema kumi tu."

Akaitwa arifu, msimamizi wa maji. Akatazama konde, akatazama saa, akasema dakika kumi na mbili, zitarudishwa kutoka zamu ijayo. Mkwe wangu akasema hapana. "Mpe zamu yangu yote." Arifu akamwambia si lazima. Akasema, "Nimesema yote."

Nikaenda Ibra na tope lililoniganda mpaka magotini. Kule dirishani kuna msichana ana kucha ndefu, akaishika barua kwa ncha za vidole, akairudisha papo hapo.

"Umemaliza, dada."

"Hukuisoma."

"Tunataka kuiona tu."

"Na umeiona?"

"Nimeiona."

Nikaichukua barua. Wanaonijua hawaamini, lakini niliondoka dirishani kwa adabu, mtoto begani amelala. Nilikwenda kukaa garini, mikono juu ya usukani, mpaka hasira ikapungua kiasi cha kuweza kuendesha.

Zamu ya mkwe wangu ilirudi baada ya siku nane. Nilidhani atabaki nyumbani. Akavaa dishdasha safi na kofia, akenda kuketi kando ya mlango wake uliozibwa, na muda wote wa zamu maji yakampita miguuni yakiteremka kwa Mzee Nasor, ili kila apitaye aone kwamba hakuyagusa. Nikampelekea kahawa. Majani ya mbuzi nyuma yake yameshaanza kulala kwa jua na kiu.

"Chuo umeanza?"

"Nimeanza Jumapili, baba."

"Walimu wanafaa?"

"Wanafaa."

Akanywa, akanirudishia kikombe. "Muhula ujao watataka sahihi tena?"

"Kila muhula."

"Basi niletee nikiwa nyumbani."

Nimeapa, na safari hii naapa mbele zenu: karatasi ya mstaafu haitoki tena sebuleni kwake bila ya sahihi. Fomu ya muhula ujao ameshanitilia sahihi, miezi minne kabla, kwenye meza, mlango umefungwa. Nikaipeleka chuoni. Yule msichana wa dirishani akaniambia ni mapema mno, nirudi nayo. Nikamwambia aiweke anapotaka yeye, mimi sirudi nayo.