Maganda Yenye Umbo la Bunduki ya Lyle

Ardith Sorum hakuwahi kumwamini mtu aliyeingia karakana yake na mikono mfukoni. Mimi ni jirani yake tangu sote tukiwa na meno yetu, tumetenganishwa na seng'enge tu, lakini kila nikiaga alinikagua mifuko kwa macho. Hapa Montana mwanamke anayejitengenezea risasi si ajabu, ila huyu alikuwa na roho ya askari wa forodha.

Kazi anaijua, sikatai. Ganda la shaba likishapigwa hutanuka, likashika umbo la chemba ya bunduki iliyolipiga. Ardith huyaokota, huyabana upya kwenye mashine, kisha huyatia baruti na kichwa kipya. Chemba ya bunduki ya mumewe, Lyle, ni finyu kuliko yake, kwa hiyo aliyabana maganda mwili mzima, mpaka mabegani, pale yanapoanza kupungua kuelekea shingoni, yaingie bunduki zote mbili.

Kiangazi hicho risasi zikaanza kupungua kisandukuni. Lyle akasema hajui, hata bunduki hajaigusa tangu mwaka jana. Nani tena? Bunduki yangu inakula risasi zilezile, basi mwizi ni mimi. Karakana ikatiwa kufuli, kahawa ya asubuhi ikakatwa. Kanisani alihamia benchi la nyuma yangu, akinichoma kisogo kwa macho. Iliniuma, nasema kweli. Mtu niliyekwenda kumkwamua kwenye theluji kwa trekta langu!

Siku moja akanifuata kwenye seng'enge.

"Jirani, risasi zangu za mwaka huu nimezibana shingo tu, mabega nimeyaacha. Nimezipaka wino mwekundu kitakoni. Kwenye bunduki yangu zinaingia, kwingine komeo la kufungia chemba halifungi. Mwizi atajitaja mwenyewe mbele ya mnyama."

"Na mumeo je?"

"Lyle ana zake kwenye kisanduku cha bluu. Ya Lyle yasikuumize kichwa."

Msimu wa uwindaji ulipofunguliwa, mimi na Lyle tukapanda mlimani. Friji lao la nyama lilikuwa tupu. Tukamkuta elki dume, yule kulungu mkubwa kama farasi, amesimama ubavu wazi kwenye uwanda. Lyle akasukuma komeo. Likagoma. Akalipiga kwa kiganja, likakwama kabisa, na elki aliposikia chuma akaenda zake.

Nikafungua kisanduku cha bluu. Zote zilikuwa na wino mwekundu.

"Lyle. Kumbe ni wewe?"

Akakaa kwenye gogo. Akanieleza kwamba jicho lake la kulia limeingia ukungu. Kila mkewe akienda mjini, yeye alikuwa nyuma ya kilima anajipima kama bado anaweza kulenga. Alizimaliza za kisanduku cha bluu, akajazia za mkewe.

"Usimwambie, Duane. Ataficha bunduki, ataficha ufunguo wa gari, mwisho atanikatia nyama kama mtoto."

Nikamwuliza, na jina langu je? Akafunga kisanduku cha bluu. Nilimwonea huruma, na hasira nayo ipo palepale.

Tuliporudi karakanani, Ardith hakuuliza habari za elki. Aliipokea bunduki ya Lyle, akaihangaikia taratibu mpaka risasi ikatoka, akatazama kitako chake.

"Nani kakupa hii?"

Lyle akainamia buti zake. Basi nikasema, "Mimi."

Ardith akavuta ndoo ya maganda matupu. Akachagua moja, akaliingiza kwenye bunduki ya mumewe. Likaingia laini, komeo likafunga.

"Kila kilichopotea kilirudi ndooni, Duane. Bonde hili hakuna anayetupa shaba, hata mwizi. Na yote yamepigwa na bunduki hii; yangekuwa ya bunduki nyingine, yangegoma humu. Nimeyaona wiki iliyopita, nikanyamaza. Huyu mume wangu nilishajua ananificha kitu. Kesho nilikuwa nije kwako kukuomba radhi."

Nikavua kofia.

"Mwizi ningemsamehe," akaniambia. "Wewe umenidanganya usoni."

Akamgeukia Lyle, akamshika kidevu, akamwelekeza dirishani penye mwanga. "Ni la kulia, sivyo? Mwezi mzima unamwaga kahawa nje ya kikombe." Lyle akalia, mzee mzima, na Ardith akamwachia bega lake.

Mimi nikatoka peke yangu. Siku hizi ni Ardith anayewinda, na Lyle ndiye anayembania maganda, kwa kupapasa. Wanacheka humo ndani, nawasikia. Kufuli bado lipo mlangoni, na Lyle amepewa ufunguo.