Oili Iliyokuwa Ikiongezeka

Miaka ya sabini niliendesha mashine ya kusaga unga ya akina mama wa kanisa letu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Nuu, kulikokuwa na mashine nyingine ya karibu. Waliinunua baada ya kusuka na kuuza vikapu vya vyondo miaka minne, na mwenyekiti wao alikuwa mama yangu. Nilipewa kazi kwa sababu nilisomea umakanika, ingawa mama alipenda kusema nimepewa kwa maombi.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, nilichomoa kijiti cha kupimia oili huku kamati imesimama nyuma yangu. Injini za watu wengine hupunguza oili. Yetu ikaanza kuongeza. Jumatatu ilikuwa kwenye alama, Alhamisi imepita alama kwa upana wa kidole, na hakuna aliyetia hata tone. Mama akapiga vigelegele. Mchungaji akapanga ibada ya shukrani, wageni wakaalikwa kutoka Mwingi. Akina mama haohao walikuwa wakinung'unika kwamba pipa la kupozea injini linamaliza maji, nao wanayachimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mimi niliyaunganisha, nikanyamaza. Kubishana na muujiza uliotangazwa na mama yako si kazi ndogo.

Ijumaa oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikaipeleka jikoni kwa mama ndani ya kifuniko, nikadondosha kidogo kwenye kikaango cha moto. Ikatatarika, ikamrukia mkononi. Sikuhitaji kueleza. Mwanamke aliyekaanga mandazi maisha yake yote anaijua sauti ya maji ndani ya mafuta.

"Aiya!" akasema, akipangusa mkono. "Kumbe ni maji ya pipa."

"Ndio, mama. Gasketi imepasuka, maji yanaingia kwenye oili, na oili yenye maji hula vyuma. Wacha nifungue injini leo."

"Na wageni wa Jumapili? Wanakuja kuona mashine ikisaga, si kukuona wewe na spana." Akaepua kikaango. "Ngoja Jumapili ipite."

Jumamosi wanawake walipanga foleni na mahindi yao, wakiniita fundi wa baraka. Naungama kwamba jina hilo lilinipendeza mno. Nikazungusha hendeli ya kuwashia.

Saa tano injini ilipiga ukelele, ikakwama. Nilipoifungua nilitamani kulia: bearing zimeliwa, na krenki, mhimili unaozunguka ndani yake, imechubuka. Vyondo vya miaka minne nilikuwa nimevimaliza asubuhi moja.

Ibada ilifanyika vilevile, maana wageni walikuwa wameshafika. Mzee mmoja wa kanisa akaeleza kwamba baraka imeondoka kwa sababu kuna mtu aliyeitilia shaka, akanikazia macho. Mama akaangalia viatu vyake.

Jumatatu alfajiri alijitwika debe la mahindi, akashika njia ya Nuu pamoja na wenzake. Nikamfuata, nikampokea mzigo. Tulipovuka mto akanisogelea.

"Mimi nilisema ngoja," akaniambia polepole, wenzake wasisikie. "Sikusema washa."

Na kweli, hakusema.