Pampu Ilinunuliwa kwa Ajili ya Dhahabu

Watu wakisikia baridi hufikiria Limuru au Kericho, mahali ambapo mtoto haendi shule bila sweta. Hakuna anayefikiria Busia. Huku jua linachoma mpaka mabati yanalia juu ya nyumba. Lakini baridi iliyoniharibu mgongo niliipata huku huku, kwenye vilima vya Samia, ndani ya shimo la dhahabu. Nilishuka asubuhi na kutoka alasiri nikitetemeka, na walionipokea juu walikuwa wakijipepea kwa vipande vya katoni.

Kabla ya hapo nilikuwa mpakiaji mizigo Busia mjini. Naweza kuapa kwamba wakati huo mgongo wangu ulikuwa mzima. Gunia la mahindi nililibeba nikipiga hadithi na wenzangu, na jioni nikacheza na watoto. Kisha malori yakaanza kupita mpakani bila kushusha mizigo, na sisi tuliokuwa tukiishi kwa kushusha na kupakia tukabaki tukikaa kwenye kivuli cha magari ya watu. Nikarudi nyumbani Namboboto, kwenye kashamba tulikogawana na ndugu zangu. Haikupita muda nikasikia kuna mtu amefungua shimo mlimani na anatafuta wanaume wenye nguvu.

Mwenye shimo alikuwa mtu wa kwetu. Aliwahi kufanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, akajenga nyumba ya matofali, akawa mzee wa kanisa. Hakuwa mtu wa matusi. Kila asubuhi alitusalimu kwa mkono na kuuliza habari za watoto. Nataja hilo kwa sababu nikisimulia mambo haya watu hungoja nimwelezee mtu mwenye mjeledi, na hakukuwa na mjeledi.

Chini nilifanya kazi na mwenzangu mmoja, Msamia kama mimi ila wa upande wa Uganda. Lugha yetu ni moja, mpaka umepita tu katikati. Alikuwa mtu nadhifu. Kabla ya kushuka alivua shati lake, akalikunja kama la dukani, akaliweka juu ya jiwe ili akitoka apate kitu kikavu cha kuvaa. Tuliteremshwa kwa kamba mmoja baada ya mwingine. Chini kulikuwa na njia nyembamba iliyofuata mshipa wa mawe yenye dhahabu, na humo hukuweza kusimama. Ulipiga magoti au ulilala kwa ubavu, nyundo mkononi, na maji yalikuwa yanakufika kiunoni.

Kuna baridi ya upepo, na kuna baridi ya maji yaliyolala ndani ya mwamba tangu dunia iumbwe. Hii ya pili haikupigi kwa ghafla. Inaanza vidoleni, inapanda, halafu unafika mahali ambapo husikii kitu tena, na hapo ndipo unaumia bila kujua. Unavuta jiwe kwa kiuno kilichokufa ganzi. Ukitoka juu jua linakuwasha, damu inarudi, na maumivu yote ya siku nzima yanakuja pamoja. Tulikuwa tunalala kifudifudi juu ya mawe ya moto kama mijusi. Wapitaji walicheka. Sisi pia tulicheka, mwanzoni.

Mwenzangu ndiye aliyeomba pampu. Tulikuwa tumetoka kazini, miguu imekunjamana kwa maji.

"Mzee," alimwambia mwenye shimo, "tunaomba pampu ya kutoa haya maji. Na viatu vya gambuti. Viuno vinatuishia."

Mwenye shimo alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia, kijana wangu. Lakini shimo halijaanza kutoa vizuri. Likitoa, nitanunua."

"Maji ni mengi, mzee."

"Hata mimi naona. Tuvumilie kidogo. Tuombe Mungu."

Pampu zenyewe tulikuwa tunaziona kila tukienda Busia mjini. Zilipangwa nje ya duka la vifaa, zimepakwa rangi nyekundu, na mwenye duka alizipangusa vumbi kila asubuhi.

Tukavumilia. Kwenye kibanda cha chai kando ya shimo mama mmoja aliuza vidonge vya maumivu pamoja na mandazi. Tulimeza viwili kabla ya kushuka, na wengine walisukumia kwa chang'aa ili mwili upate joto. Ndiyo iliyokuwa zahanati yetu.

Siku mwenzangu alipoharibika tulikuwa tunasukuma jiwe lililoziba njia. Nilisikia akitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Nikamuuliza kuna nini.

"Ndugu, siwezi kugeuka," akasema.

Nilidhani anatania. Nikamshika bega, akapiga yowe ambalo lilifika juu, maana walianza kuita wakiuliza nani ameangukiwa. Hakuwa ameangukiwa na kitu. Mgongo wake ulikuwa umekaza, umekataa. Maji yalikuwa yanamfika kifuani kwa jinsi alivyopinda, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikamshikilia kichwa ili asimeze maji. Hapakuwa na njia ya kumkalisha kwenye kitanzi cha kamba kama tulivyozoea, kwa hiyo nilimfunga chini ya makwapa na katikati ya mapaja, wakamvuta jinsi walivyokuwa wanavuta magunia ya mawe. Alikuwa analia, mwanaume mwenye watoto, na mimi niliyekuwa chini yake nilikuwa nasikia matone yakiniangukia usoni na sikujua ni maji ya shimo au ni machozi.

Mwenye shimo aliita pikipiki na kulipa. Tena alimpa mgonjwa blanketi. Tulimweka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na kila shimo la barabara lilimfanya aniume mkono kwa meno. Mwenye pikipiki akauliza, "Huyu boss anaumwa na nini?"

"Mgongo," nikamwambia.

"Ah, mgongo tu! Nilidhani ni kitu kibaya."

Nilimvusha mpaka, nikamfikisha kwao, nikamkabidhi kwa mke wake. Niliporudi kazini asubuhi iliyofuata nilikuta mtu mwingine amesimama mahali pake, amevua shati. Shati la mwenzangu bado lilikuwa juu ya jiwe. Nilimpelekea baadaye, nikamkuta amelala kwenye mkeka nje ya nyumba, uso ukiwa ukutani kwa sababu ubavu ule ndio uliomkubali. Tuliongea nikiwa nautazama mgongo wake.

"Amenunua pampu?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi toka, ndugu. Toka kabla hujaanza kulala kama mimi."

Sikutoka. Ada za shule zilikuwa zinakuja, na mimi niliamini mifupa yangu ni migumu kuliko yake. Kila mchimbaji anaamini hivyo mpaka siku yake.

Yangu ilikuja kwa njia ya aibu. Haikuwa shimoni. Nilikuwa nyumbani nimeinama kuokota ndala, na sikuinuka. Mke wangu alinikuta nimeshika ukingo wa kitanda, nimepinda kama mtu anayechungulia kitu uvunguni.

"Baba, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Nisaidie."

Alinilaza, akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa. Mama mmoja wa jirani anayejua kukanda watu alikuja na mafuta yake, akabonyeza, akaniambia kwamba baridi imeingia ndani ya mifupa na haitoki upesi. Baadaye nilipelekwa hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alinipiga picha ya mgongo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mahali ambapo pingili mbili zimekaribiana zaidi ya inavyotakiwa.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Ya shimo."

"Usiinue kitu kizito. Usiiname sana. Na usikae kwenye baridi."

Nikacheka, ingawa kucheka kuliniuma. Hakuelewa kwa nini nacheka, na mimi sikumweleza. Alikuwa amesema ukweli. Ni vile tu ushauri wake ulinitoa kwenye kazi ya shimo, ya shamba na ya mizigo, zote kwa mara moja, na mimi sina nyingine.

Nilikaa nyumbani msimu mzima nikitazama mke wangu akilima peke yake. Mwenye shimo alikuja kunisalimia na mfuko wa sukari, akaomba dua ndefu, mkono wake begani mwangu. Wakati huo ndipo wachimbaji waliochukua nafasi yetu walipogonga mshipa mzuri. Mawe yalikuwa yanatoa dhahabu ya kuonekana kwa macho. Shida ni kwamba mshipa uliteremka chini zaidi, na huko maji yalijaa mpaka mtu hafiki.

Pampu ikaja wiki hiyo hiyo.

Nilikuwa nimekaa mlangoni nilipoiona ikipita juu ya mkokoteni, nyekundu, imefungwa kwa kamba, vijana wakiisindikiza kwa nyimbo. Mke wangu aliniambia niingie ndani. Sikuingia. Nilitaka kuitazama mpaka ipotee. Kumbe haikuwa mbali siku zote tulizoganda kule chini. Ilikuwa inasubiri dhahabu iihitaji.

Baada ya hapo mwenye shimo alinitumia ujumbe kwamba amenionea huruma na amenitafutia kazi nyepesi: nikae karibu na pampu, niiwashe, niizime, nisimamie kamba. Nilikubali. Watu wameniuliza nilikubalije. Wanauliza wakiwa wameshiba.

Vijana wa pampu walinipenda. Waliniita mzee ingawa nina ndevu nyeusi. Walishuka kwenye shimo kavu, wakatoka na tope tu miguuni, na nilipowaambia jinsi maji yalivyokuwa, walinitazama kama mtu anayesimulia habari za vita vya zamani. Sikuwaonea wivu. Hapana, nitasema ukweli: niliwaonea.

Asubuhi moja pampu ilikataa kuwaka. Fundi akaitwa kutoka mjini, akasema kifaa kimoja kimekatika na hakipatikani upesi. Maji yakapanda mpaka pale pale tulipokuwa tukifanyia kazi mimi na mwenzangu. Mwenye shimo alikuja, akachungulia, akasalimia kila mtu.

"Leo mtashuka hivyo hivyo," alisema. "Mawe mazuri yako mlangoni mwa njia tu, hatuwezi kuyaacha. Mzee, washushe."

Nikamwambia, "Siwashushi."

"Umesemaje?"

"Sitashusha mtu kwenye maji hayo. Mimi nimetoka humo. Nitazame ninavyosimama."

Hakupandisha sauti. Aliwageukia vijana. "Kuna mtu amelazimishwa hapa?"

Walichungulia maji. Kisha mmoja wao, mrefu, aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani, akasema, "Mzee, na wewe usituharibie siku. Unadhani tutakula hiyo huruma yako?" Akavua shati. Wengine wakamfuata. Walishika kamba wenyewe, wakateremshana wakitaniana, na nikasikia yule wa kwanza akigusa maji na kupiga kelele ya baridi, halafu wenzake wakicheka juu yake.

Mwenye shimo alinishika mkono kwa upole na kuniambia niende nyumbani nikapumzike, kwamba ataniita. Hajaniita. Sikutegemea aite. Kutoka mlimani mpaka kwangu nilisimama mara nyingi, nimeegemea miti ya watu, na sikujisikia shujaa hata kidogo. Nilikuwa nimesema jambo la haki na halikumzuia mtu hata mmoja kulowa.

Mwenzangu wa Uganda sasa anatembea kwa fimbo na anachunga ndama wa shemeji yake. Tunaongea kwa simu, mara nyingi tukiulizana tu kama tumepata usingizi usiku. Yule kijana mrefu nilimwona juzi Funyula akinunua vidonge dukani, mkono mmoja kiunoni. Alinipa salamu na kugeuka haraka.

Mke wangu ameanza kuuza dagaa wa omena sokoni Funyula, na mimi humsaidia kupima. Kukaa kunaniumiza kuliko kusimama, kwa hiyo nasimama kutwa nzima nyuma ya meza, na wateja wenye roho nzuri wananisukumia kiti.

"Mzee, si ukae!" wananiambia.

Ninawashukuru, ninawajazia kopo, na ninaendelea kusimama.