Kibao cha Chumba Namba Tisa

Mume wangu aliegesha gari ili injini ipoe. Nikamwambia kuna mtu hapa mjini nataka kumwomba msamaha, nitarudi. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema mpaka sasa imechukua miaka ishirini na miwili.

Mji wenyewe ni barabara moja, inaishia kwenye maporomoko ya maji. Watalii hushuka, hupiga picha, hununua kofia, huondoka. Duka la kofia nililikuta pale pale, na nadhani kofia ni zile zile.

Zamani nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya pale. Mkuu wetu tulimwita Mama Kona, kwa jinsi alivyokagua kona za shuka. Kona ikilegea, alikung'uta kitanda kizima ukaanza upya, wala hakukugombeza. Alikuwa mjane, wanawe wawili aliwalea kwa kazi hiyo, na alijivunia jambo moja tu: hakuna mgeni aliyewahi kupewa chumba kichafu akiwa yeye mkuu.

Siku moja mgeni wa chumba namba tisa alikuwa ameondoka asubuhi. Niliona nisali humo kwanza, ndipo nisafishe. Ili nisigongewe, nikatundika mlangoni kibao cha USISUMBUE. Nilipomaliza kusali nikaitwa chumba kingine, nikasahau yote mawili, kibao na uchafu. Kwetu kibao kile hakiguswi mpaka mgeni akitoe mwenyewe. Siku nne tulipita pale kwa kunyata, na mimi nikinyata nao, tusimwamshe mtu ambaye hayupo.

Siku ya tano mapokezi wakawapa maharusi chumba hicho. Walikuta sisimizi wametangulia kitandani. Meneja akamvua Mama Kona ukuu, akampeleka kufua. Mimi nikanyamaza. Nilitubu kwa Mungu, nikaona yatosha, ingawa aliyekuwa akifua mashuka yale hakuwa Mungu. Mwezi uliofuata nikaolewa, nikahama.

Muuza kofia alinielekeza. Mama Kona sasa ana nyumba yake ya wageni, vyumba vitatu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akikunja taulo, magoti yamemvimba. Alinitazama, akasema nimenenepa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kukunja.

Akauliza kama katika sala zangu nilikuwa namtaja. Nikamwambia kila siku, tangu wakati ule.

"Ungetaja na haya magoti, mdogo wangu," akasema.

Kisha akanionyesha chumba kilichokuwa wazi, akanipa shuka. "Tandika."

Nikatandika. Akaja polepole, akavuta kona moja, ikatoka. Akakung'uta kitanda chote. Nikatandika tena, mgongo ukinilalamikia. Akavuta, ikatoka. Nje mume wangu akapiga honi. Mama Kona akasema mwache apige, injini haijapoa.

Mara ya tatu alivuta kona zote nne. Hakuna iliyotoka. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Nilikusamehe kwenye ile ya pili," akasema. "Hii ya tatu ni kwa sababu mgeni anafika saa tisa."

Nilirudi garini na taulo moja aliyonipa. Mume wangu akauliza mbona nimekawia hivyo. Nikamwambia kulikuwa na kona.

Akatazama barabara ile, iliyonyooka moja kwa moja, akawasha gari.